Mkurugenzi

Mimi ni mkurugenzi.
Nilijua Jumanne, wodi namba tatu, Mbale,
nikimgeuza mama asichubuke mgongo.
Shuka ilichomoka godoroni, pindo likafunguka lote
kama mdomo wa mtu aliyesahau alichotaka kusema,
na konani lebo nyeupe, herufi za buluu:
KAGEHA NA WENZAKE.

Kageha ni mimi.
Wenzangu sijawahi kuwaona.

Nikakumbuka. Mwaka juzi, msimu wa kumbikumbi,
binamu yangu Asava alikuja na fomu na mpiga picha.
Akataka kitambulisho. Akataka na kadi ile nyingine,
ya watu wenye ulemavu, niliyoifuata Kakamega mara nne.
"Shika magongo, Jerida. Yote mawili. Miguu ionekane."
Nikatabasamu kama bibi harusi.
Aliacha sukari kilo mbili na noti ya elfu moja.
"Ni mambo ya kikundi," akasema.

Sasa nakijua kikundi chenyewe.
Katika kandarasi za serikali kuna fungu
lililotengwa kisheria kwa vijana, kwa wanawake, na kwetu sisi:
mlango mwembamba, jina letu juu yake.
Asava hakuweza kuupita kwa miguu yake miwili mizima,
akaazima yangu.
Shuka elfu moja na mia mbili
zikapita pale zikichechemea.

Na mimi nashona! Hapo ndipo panaponichoma.
Miaka kumi na saba, soko la Chavakali,
cherehani ya mkono, maana ya kukanyaga ilinikataa.
Pindo langu hukunjwa mara mbili,
na uzi hurudi nyuma kabla sijaukata.
Waulize wasichana wanaorithishana sketi zangu.
Hii ilipindwa mara moja, mbiombio,
na mtu aliyelipwa, nadhani, kidogo
kuliko nilivyolipwa mimi kwa kutoshona.

Nikachomoa sindano kilembani.
Nikashona pindo, mama akiwa amelala juu yake.
"Unamfanyia nani kazi?"
"Kampuni yangu."
Akacheka hadi akakohoa, nesi akaja.

Alhamisi nikaenda ofisi ya ununuzi.
Iko ghorofa ya pili. Chini, ngazi zinapoanzia,
wamebandika bango: FURSA KWA WOTE.
Nikaketi, nikapanda kinyumenyume,
magongo mapajani, vidato thelathini na kimoja.
Waliokuwa wakishuka walisema pole. Kila mmoja.
Pole zikajaa ngazi
hadi nikakosa pa kuweka mkono.

"Mama, umeletwa na nani?" karani akauliza.
"Nimeletwa na jina langu."
Akafungua faili. Nikajiona: magongo, tabasamu,
na sahihi isiyo yangu, yenye mkia mrefu kama ya daktari.
Akaitazama picha. Akanitazama. Akafunga mlango.
"Ukilalamika, kampuni itafungiwa.
Yaani wewe."

Yaani mimi.

Nimelalamika. Kwa maandishi, nakala tatu,
moja nimeishonea ndani ya koti.
Asava hapokei simu.
Shangazi amenituma salamu zisizo na jina langu.

Kuna zabuni nyingine: aproni za chekechea, mia nane.
Wanataka hati ya ushuru, taarifa za benki, sampuli moja.
Benki bado wananizungusha. Sampuli iko tayari.
Sanduku la kutumbukizia bahasha liko kule kule juu,
limefungwa kwa mnyororo ukutani lisije likatoroka.
Niliuliza kama laweza kushushwa.
Karani alicheka kidogo, si kwa ubaya:
"Sanduku halitembei, mama."

Ni kweli.
Kati yetu wawili, anayetembea ni mimi.